Hisabati ya Juu katika Kidato cha Tano na cha Sita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi na wanafunzi wa Unguja na Pemba

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, na tena wanafunzi wanapopangiwa skuli, wazazi hunipigia simu au hunisimamisha njiani baada ya sala wakiniuliza kuhusu Hisabati ya Juu. Nimelifundisha somo hili kwa miaka mingi, Pemba kwanza na baadaye Unguja, na maswali ni yale yale. Nimeona ni vyema niyajibu kwa maandishi. Baadhi ya majibu ni marefu na mengine ni mafupi, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

Hisabati ya Juu inatofautiana vipi na hisabati aliyoisoma mtoto hadi Kidato cha Nne?

Tofauti kubwa si ukubwa wa namba wala urefu wa hesabu. Tofauti ni aina ya swali. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hupewa mlinganyo x² − 5x + 6 = 0 na kuambiwa atafute x; atapata 2 na 3, na kazi imekwisha. Mwanafunzi wa Kidato cha Tano hupewa mlinganyo huo huo na kuambiwa hivi: bila ya kuzitafuta thamani za x, andika mlinganyo mwengine ambao majibu yake ni vipeo vya pili vya majibu ya huu. Hapo hana pa kukimbilia isipokuwa kufikiri. Anapaswa kujua kwamba jumla ya majibu mawili ni 5 na zao lao ni 6. Kwamba jumla ya vipeo vyao vya pili ni 5² kutoa mara mbili ya 6, yaani 13. Na kwamba zao la vipeo hivyo ni 6², yaani 36. Mlinganyo unaotakiwa basi ni x² − 13x + 36 = 0, na akitaka kujiridhisha ataona kuwa majibu yake ni 4 na 9.

Mwanafunzi anayeifurahia hesabu ya namna hii, hata kama amechukua nusu saa kuipata, ana mwanzo mzuri. Yule anayeuliza "fomula yake ni ipi?" kabla hajaishika kalamu atahitaji kubadilisha mazoea yake mapema.

Ni tahasusi zipi zenye somo hili?

Zinazojulikana zaidi ni PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati; PGM, yenye Fizikia, Jiografia na Hisabati; na EGM, yenye Uchumi, Jiografia na Hisabati. Si kila skuli ina tahasusi zote, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuamua.

Na hiyo BAM ni nini? Ni Hisabati ya Juu iliyopunguzwa?

BAM ni hisabati tumizi ya msingi, na husomwa na wanafunzi ambao tahasusi zao hazina Hisabati ya Juu lakini wanahitaji hesabu katika masomo yao, kama wale wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mada zake ni chache na kina chake ni kidogo, nayo haihesabiwi katika pointi za daraja. Hata hivyo isidharauliwe: baadhi ya kozi za chuo kikuu huiangalia inapokuwa mwombaji hana Hisabati ya Juu.

Mwanangu alipata C ya Hisabati katika Kidato cha Nne. Inamtosha?

Kwa kupangiwa tahasusi, C ni ufaulu mzuri unaokubalika. Kwa kulimudu somo, jibu langu ni kwamba inategemea ni C ya aina gani. Katika Kidato cha Nne alama za C huanzia 45 na kufika 64. Aliyepata 62 na aliyepata 46 wana herufi moja kwenye cheti, ila hawana msingi mmoja. Tena mtu anaweza kuipata 46 kwa takwimu, seti na hesabu za biashara bila ya kuigusa aljebra, na aljebra ndiyo nguzo ya kila kitu kinachofuata.

Mimi humpa mwanafunzi karatasi moja yenye maswali kumi: kurahisisha sehemu zenye herufi chini, kufungua mabano, kupanga upya fomula ili herufi nyengine iwe peke yake, kanuni za vipeo na logi. Akiyapata manane bila ya msaada, namwambia aende. Akiyapata manne, namwambia aende vile vile, lakini ile miezi ya kusubiri kuanza Kidato cha Tano aitumie kudurusu vitabu vya Kidato cha Pili na cha Tatu, si kuisoma difarensiesheni kabla ya wakati wake kama wengi wanavyofanya tuisheni.

Mwanafunzi husoma mada gani katika miaka hiyo miwili?

Kwa kawaida utakuta matumizi ya kalkuleta, seti, mantiki, jiometri ya viwianishi, fankisheni, aljebra, trigonometria, upangaji wa kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa kutumia mistari, difarensiesheni na integresheni. Kisha vekta, fankisheni za haipaboliki, takwimu, uwezekano, namba changamano, milinganyo ya difarensia na njia za kukadiria majibu kwa hatua. Mtaala hufanyiwa marekebisho na mpangilio wa mada hubadilika, kwa hiyo mwanafunzi aulize muhtasari unaotumika katika mwaka wake badala ya kutegemea daftari la kaka yake.

Difarensiesheni ni nini hasa? Kila mtoto hulitaja neno hili lakini hawezi kunieleza.

Ni swali ninalolipenda kuliko yote, na kwa mtu wa visiwani mfano wake uko ufukweni. Nendeni Paje au Jambiani siku za bamvua, wakati kina mama wako katika mashamba yao ya mwani. Maji yanapoanza kujaa, mwanzo huja taratibu na mtu anaendelea na kazi yake. Baada ya saa mbili hivi huja kwa kasi, na asiyekusanya vitu vyake kwa wakati hulazimika kuvuka kwa tabu. Karibu na kujaa kabisa, kasi hupungua tena hadi maji yakasimama. Kila mvuvi anaijua habari hii. Difarensiesheni ndiyo njia ya kuiandika.

Tuchukulie kwamba siku hiyo kina kinapanda mita 3.6 kwa saa sita. Kwa kweli ni zaidi kidogo ya saa sita, ila tuifanye hesabu iwe nyepesi. Kimo cha maji juu ya pale yalipokuwa yamekupwa kinaweza kuandikwa kuwa 1.8 − 1.8 cos(πt/6), ambapo t ni saa zilizopita. Ukiweka t kuwa 1, kisha 2, kisha 3, utaona kwamba saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 24 tu, saa ya pili sentimita 66, na saa ya tatu sentimita 90. Saa ya nne ni 90 tena, kisha 66, kisha 24.

Lakini hizo ni wastani wa saa nzima. Anayetaka kujua kasi ya maji katika dakika ile ile ya saa ya tatu hawezi kuipata kwa kugawa umbali kwa muda, kwa sababu katika nukta moja hakuna muda uliopita. Hapo ndipo difarensiesheni inapoingia: unachukua kipande cha muda, unakifupisha, unakifupisha tena, na kutazama mgao unasogea kwenye namba gani. Kwa maji yetu kasi inatoka kuwa 0.3π sin(πt/6), na pale t inapokuwa 3 ni takriban sentimita 94 kwa saa, zaidi ya zile 90 za wastani. Pale t inapokuwa 0 au 6 kasi ni sifuri, na ndipo tunaposema maji yamesimama.

Mtoto aliyeelewa habari ya maji ameelewa kwa nini jambo lililofika kilele au chini kabisa lina kasi ya sifuri, na kwa sababu hiyo anaweza kutafuta eneo kubwa kabisa la banda la mstatili atakaloweza kulizungushia wavu wa mita 40 akiliegemeza kwenye ukuta uliokwisha kujengwa. Kila upande unaotoka ukutani ukiwa x, eneo ni x(40 − 2x). Kasi ya badiliko lake ni 40 − 4x. Inakuwa sifuri x ikiwa 10, na eneo ni mita za mraba 200. Aliyekariri kwamba "unashusha kipeo mbele kisha unatoa moja" atalipata jibu hilo hilo, lakini swali likigeuzwa kidogo atakwama.

Na integresheni?

Ni safari ya kurudi. Difarensiesheni inakupa kasi kutokana na kimo. Integresheni inakurudishia kimo kutokana na kasi, kwa kujumlisha vipande vidogo vingi mno. Kwa njia hiyo hupatikana eneo lililo chini ya mchoro uliopinda, na hata ujazo wa kitu cha mviringo kama mtungi, ambao hauna urefu na upana wa kuzidishwa. Integresheni ni ngumu kuliko mwenzake kwa sababu haina njia moja ya kufuata. Mwanafunzi hujifunza kutambua umbo la swali, na kutambua huko kunatokana na mazoezi mengi.

Kwa nini watoto wanafundishwa namba ambazo hazipo?

Mnakusudia namba changamano, zile zenye kipeuo cha pili cha −1. Zipo, kwa maana ile ile ambayo namba hasi zipo ingawa hakuna aliyewahi kushika machungwa matatu hasi. Mwaka 1572 Mtaliano Rafael Bombelli aliandika kuhusu mlinganyo x³ = 15x + 4. Kila mtu anaweza kuona kwamba 4 ni jibu, kwa kuwa 64 ni sawa na 60 na 4. Lakini fomula ya wakati huo ilipotumiwa ilitoa kipeuo cha pili cha −121 katikati ya njia. Bombelli hakuikimbia. Aliizidisha 2 + √−1 kwa nafsi yake mara tatu, akapata 2 + 11√−1, yaani ile ile 2 + √−121 ambayo fomula ilitaka kipeuo chake cha tatu, pamoja na cha mwenzake 2 − √−121; alipozijumlisha 2 + √−1 na 2 − √−1, sehemu isiyotakikana ikafutika na ikabaki 4. Namba "isiyokuwepo" ilimfikisha kwenye jibu la kweli kabisa.

Leo mhandisi wa umeme hawezi kufanya kazi bila ya namba hizi. Umeme wa Unguja unatoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa waya uliopita chini ya bahari, na wa Pemba unatoka Tanga tangu mwaka 2010. Umeme huo ni wa kupanda na kushuka, na hesabu za jinsi volti na mkondo zinavyopishana huandikwa kwa namba changamano kwa sababu ndiyo lugha fupi na iliyo wazi kuliko nyengine.

Trigonometria ina fomula nyingi mno. Ni lazima zote?

Chache tu ndizo za kukaririwa. Nyengine hutoka katika zile chache. Mwanafunzi aliyeshika sin(A + B) na cos(A + B) anaweza kuzipata zilizobaki nyuma ya karatasi yake ya mtihani kwa dakika mbili.

Nitaongeza jambo moja kwa faida ya wanafunzi wanaotoka madrasa kuja skuli na kudhani kwamba elimu hizi mbili hazikutani. Neno aljebra limetoka katika al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad cha karne ya 9, na wanazuoni wa Kiislamu waliikuza trigonometria kwa sababu, miongoni mwa nyengine, walihitaji kujua kibla cha kila mji. Mjini Unguja tuko karibu na digrii 6.2 kusini ya ikweta na digrii 39.2 mashariki, na Makka iko digrii 21.4 kaskazini na 39.8 mashariki. Ukizitia namba hizi katika fomula ya pembe za juu ya tufe, unapata kwamba kibla chetu kiko kaskazini, kikielekea mashariki kwa digrii moja na kidogo tu. Kwa Chake Chake tofauti haifiki hata robo digrii. Wazee wetu waliozoea kusema "upande wa kibla" wakikusudia kaskazini walikuwa sahihi kihesabu. Fomula ya tufe haimo katika muhtasari wa Kidato cha Sita, lakini mwanafunzi mzuri wa Kidato cha Sita anaweza kuifuata, na nimewahi kuifanya darasani siku ya Alkhamisi jioni na hakuna aliyetaka kutoka.

Mada ipi huwaangusha wengi?

Watoto watakwambia ni integresheni au milinganyo ya difarensia. Mimi niliyesahihisha madaftari yao naona jambo jengine. Wengi huanguka ndani ya mada hizo kwa makosa ya Kidato cha Pili. Mtoto ameielewa integresheni, ameanza vizuri, kisha katika mstari wa tatu anaandika kwamba kipeuo cha pili cha 9 + 16 ni 3 + 4. Ni 5, si 7. Au anafungua (a + b)² na kuandika a² + b², akilisahau lile 2ab la katikati. Kuanzia mstari huo kazi yote haina faida, na yeye anatoka akiamini kwamba integresheni imemshinda.

Ndiyo sababu nawaomba wazazi wasiridhike na alama iliyoandikwa juu ya karatasi. Mwombeni mtoto akuonesheni mstari ambao kosa lilianzia. Hata mzazi asiyejua hesabu anaweza kuuliza hivyo, na mtoto atakayelazimika kuutafuta mstari ule atajifunza kitu.

Somo linafundishwa kwa Kiingereza. Je, lugha si kikwazo?

Ni kikwazo, na haifai kukificha. Katika skuli zetu mwanafunzi husoma na kufanyiwa mtihani kwa Kiingereza, na maswali ya uwezekano, takwimu na upangaji wa mistari huwa ni maelezo marefu ambayo neno moja tu, kama "angalau" au "si zaidi ya", hubadilisha hesabu nzima. Nimewaona wanafunzi wakikosa swali ambalo wangelijibu kwa wepesi kama lingeulizwa kwa Kiswahili. Ushauri wangu ni mwanafunzi awe na daftari dogo la maneno hayo, na darasani wajadiliane kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke, kisha waliandike kwa Kiingereza. Kufikiri kwa lugha ya nyumbani hakumpunguzii mtu chochote.

Somo hili linamfaa mtoto wa kike?

Linamfaa kama linavyomfaa kaka yake. Mwaka 2014 Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Iran, alipewa Nishani ya Fields, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Ninachokiona kwetu si upungufu wa akili za wasichana bali upungufu wa muda wao: kaka akirudi skuli hukaa na daftari, dada huingia jikoni. Mzazi anayetaka binti yake afaulu Hisabati ya Juu ampe saa mbili za jioni zisizoguswa na mtu.

Mtihani ukoje?

Mtihani wa Kidato cha Sita hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa muundo uliozoeleka kwa miaka mingi kuna karatasi mbili za saa tatu kila moja. Ya kwanza ina maswali kumi, yote ya lazima. Ya pili ina manane: manne ni ya lazima, na katika manne yaliyobaki mtahiniwa huchagua mawili. Kalkuleta isiyoweza kuprogramiwa inaruhusiwa. Alama ya A huanzia 80, B 70, C 60, D 50 na E 40. Hadi hapo ni ufaulu kamili wa somo. S huanzia 35.

Zile saa tatu ni fupi kuliko zinavyoonekana. Swali moja la karatasi ya kwanza halina zaidi ya dakika kumi na nane, na ni lazima mtu azizoee kwa kujipima kwa saa nyumbani.

Mtoto aende tuisheni?

Akihitaji, aende, kwa mada anayoihitaji. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa na daftari nene la mitihani ya miaka iliyopita, kila swali limejibiwa kwa mwandiko mzuri na jibu limepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Alitoka tuisheni kila siku saa mbili za usiku. Nilichukua swali moja katika daftari lake, nikabadilisha alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa, nikampa. Alikaa nalo kwa robo saa, kisha akaniambia kwa unyenyekevu, "Mwalimu, hili hatujafundishwa." Alikuwa amenakili, hakuwa amejibu.

Tuliliweka daftari lile kabatini kwa muhula mmoja. Akawa anafanya maswali matatu tu kwa siku, kitabu kimefungwa, na akikwama anaandika kwa Kiswahili ni nini hasa asichokijua. Mwanzoni alikasirika. Mwisho wa muhula alikuwa anawaelekeza wenzake dakhalia.

Akifaulu, anaweza kusoma nini?

Uhandisi wa kila aina, usanifu majengo, upimaji ardhi, takwimu, uchumi, sayansi ya kompyuta, hali ya hewa, ualimu wa hisabati. Kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hapa nyumbani, na tangu mwaka 2023 kuna tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, huko Bweleo, lenye shahada ya sayansi ya data na akili bandia, ambayo kuingia kwake kuna mtihani wa mchujo uliojaa hisabati. Wanaohitaji mkopo wafuatilie Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar mapema. Nami nawaomba wale wachache wenye moyo huo waufikirie ualimu, maana skuli zetu, hasa za mashamba, zina kiu kubwa ya walimu wa somo hili.

Amepata alama 18 katika mtihani wa kwanza wa Kidato cha Tano. Abadilishe tahasusi?

Asibadilishe kwa mtihani mmoja. Alama za muhula wa kwanza hushuka kwa karibu kila mtu, hata kwa waliokuja na A, kwa sababu ndio wakati wanapogundua kwamba kukariri hakutoshi. Chukueni karatasi ile, kaeni na mwalimu wake, na mhesabu ni alama ngapi zilipotea kwa kutoielewa mada mpya na ngapi kwa aljebra ya zamani. Ikiwa nyingi ni za aljebra, tatizo lina dawa ya miezi miwili au mitatu. Ikiwa ni za mada mpya na mtoto anafanya mazoezi kila siku, mpeni muhula mmoja zaidi. Ikiwa hafanyi mazoezi, na mkimuuliza kwa upole anakiri kwamba tahasusi aliichagua kwa kuwa rafiki zake waliichagua, basi mwambieni mwalimu mkuu mapema, kabla wenzake wa tahasusi nyengine hawajafika mbali.

Aljebra ikiwa ndiyo iliyomwangusha, aanze leo usiku kwa kuifungua (a + b)² kwa mkono wake, na alione lile 2ab linatoka wapi.